Dawa ya Kupe

Burungu, tarehe 6 Mei 2024

Kaka Gentil,

Amani kwako. Sisi tunaamka, tunakula, tunalala, na kwa siku hizi hilo peke yake ni jambo la kumshukuru Mungu kwa sauti. Wewe je? Kile kikohozi cha mwaka jana kilikuachia? Na huko msituni mvua inawapa nafasi ya kuanika hata soksi? Mabukwe Mukakalisa, mama wa mume wangu, anakusalimu. Anasema hajawahi kuona muuguzi mwembamba kama wewe, na kwamba anayetibu watu naye ale.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu zetu zimebaki vioo vya kujitazamia. Tangu mnara ulipopigwa risasi hakuna reso, wala hakuna anayekuja kuutengeneza. Barua hii anakuletea Trésor wa pikipiki, yule baba wa mapacha, anayepita njia ya Pinga na fromaji za Masisi, zile jibini za maziwa ya ng'ombe, kuwauzia wachimbaji wa huko kwenu.

Jambo lenyewe ni Gisubizo. Hii ni wiki ya tatu mtoto anajikuna. Ilianza kwenye kiungo cha mkono, nikasema ni mbu. Kisha tumboni, kisha matakoni, vipele vidogovidogo. Mchana anacheza, lakini akishafunikwa blanketi anajikuna hadi damu, analia, anajikuna tena. Ana miaka minne tu na macho yake yamekuwa ya mtu mzima asiyelala.

Kituo cha afya cha hapa kimefungwa tangu Februari. Muuguzi alikimbia na familia yake, nami simlaumu. Huku watu wanazungumza tu juu ya ugonjwa wa nyani. Upande wa Kitchanga wamemtenga mtoto mmoja. Juzi nilimpa jirani kikombe cha maziwa akarudisha mikono nyuma, akasema ameshiba. Kaka, unajua mtoto wangu wa kwanza, Jean-Luc, naye alianza na ngozi. Ilikuwa surua, tukasema ni joto, na siku ya tisa tulimzika. Niambie ukweli hata kama ni mbaya.

Ila chunga ulimi. Kila barua inayoingia nyumba hii inasomwa kwa sauti baada ya kukamua asubuhi, mbele ya databukwe, baba wa mume wangu Rukara. Yeye hakusoma sana na hapendi karatasi izungumze na mtu mmoja tu. Rukara mwenyewe yuko malishoni na ng'ombe, mbali na watu wa bunduki. Hatujamwona tangu Pasaka.

Mdogo wako,
Murekatete


Karibu na Bisie, Walikale, tarehe 13 Mei 2024

Mdogo wangu Murekatete,

Nilipoona mwandiko wako nilifurahi, nilipousoma nikakaa chini. Mimi ni mzima. Kikohozi kiliondoka, unene haukuja. Mwambie mama Mukakalisa huku ni majani ya muhogo tu: tunakula sombe asubuhi, sombe mchana, na Jumapili tunabadilisha: tunakula sombe tukiwa tumevaa viatu. Msalimie na mkweo, mzee Sebarenzi. Kwa kuwa ananisikia, namwamkia kwa heshima zote.

Sasa usiogope kabla sijakuambia uogope. Ule ugonjwa wa nyani ninauona hapa kwa macho yangu, kwenye kambi za wachimbaji. Huanza na homa kali, tezi za shingo zinavimba, halafu vipele vinatoka vyote kwa pamoja, usoni na viganjani, vigumu, vyenye kishimo katikati. Mtoto anaumwa kweli, hachezi mchana kama Gisubizo anavyocheza. Kwa hiyo nijibu bila kupunguza wala kuongeza. Alipata homa kabla ya vipele? Mpapase chini ya taya na shingoni: kuna uvimbe? Usoni kuna kitu? Nani mwingine nyumbani anajikuna, hata anayejificha akijikuna? Analala na nani?

Na nifanyie kazi moja. Weka mkono wake kwenye karatasi, uzungushe kalamu kufuata vidole, kisha utie nukta kila mahali penye kipele. Uangalie hasa katikati ya vidole. Mkono wa pili pia. Ningekuwa huko ningeuangalia mwenyewe kwa dakika mbili, lakini kwa kuwa siko huko, karatasi ndiyo itakuwa macho yangu.

Usimpake kitu chochote. Si mafuta ya mawese, si siagi ya ng'ombe, si majani ya mtu anayejua majani. Mkate kucha tu.

Kaka yako,
Gentil


Burungu, tarehe 22 Mei 2024

Kaka Gentil,

Tunakuamkia sote. Natumaini barua hii inakukuta umekula. Mabukwe alicheka sana habari ya sombe na viatu, hata databukwe alikohoa kwa namna ambayo kwake ni kicheko.

Mikono ya Gisubizo hiyo hapo. Alicheka nilipomzungushia kalamu, ilikuwa inamtekenya. Nukta nyeusi ni vipele vikavu. Zile nilizozungushia duara ni vile vinavyotoa usaha. Utaona vingi viko katikati ya vidole na kwenye kiungo, kama ulivyosema kabla hujaviona.

Homa hakupata. Nimempapasa shingo yote, hakuna uvimbe. Usoni ni safi. Anayejikuna mwingine ni mimi, tumboni, wiki mbili sasa. Nilikuwa na aibu kukuandikia. Mabukwe anajikuna pia. Na databukwe, nilimchungulia akijisugua mgongo kwenye mti wa zizi, akaniona, akaanza kuukagua mti. Gisubizo analala naye, unajua ni mtoto wa babu yake. Rukara alipoondoka, mzee alimchukua kwenye kitanda chake asisikie baridi, na tangu hapo hakuna anayeweza kuwatenganisha.

Matakoni ni pabaya zaidi. Pana usaha na magamba ya njano, hawezi kukaa. Na watu wamezidi. Céline, anayetubebea maziwa hadi soko la Kitchanga, alirudi na bidoni mbili zimejaa. Wateja walimwambia, "Maziwa ya ku ile nyumba ya mutoto wa vipele, tukunywe namna gani?" Alimwaga moja njiani ikiwa imechacha. Siku ile databukwe alikaa na Gisubizo magotini, akamfunika mikono kwa koti lake ili wapitao wasiione.

Jibu upesi, kaka. Naogopa siku ya tisa, ingawa najua hesabu yake imepita zamani.

Mdogo wako,
Murekatete


Karibu na Bisie, tarehe 29 Mei 2024

Murekatete mdogo wangu,

Furahi. Nimesema furahi! Mikono ya Gisubizo niliiweka mezani, nikamwita na mwenzangu Myriam aitazame bila kumwambia kitu, naye akasema neno lilelile nililokuwa nalo mdomoni. Ni upele. Wazungu wanasema gale. Si ule wa nyani, si surua, si laana ya jirani. Mtoto hafi na upele. Wewe unajikuna, bibi anajikuna, mzee anakagua mti: hiyo ndiyo sahihi yake.

Ili mzee Sebarenzi aelewe, mwambie hivi. Yeye anaujua upele wa ndama, ngozi inapokuwa ngumu shingoni na manyoya kunyonyoka. Ni kadudu kadogo kasikoonekana, kanachimba ndani ya ngozi na kutaga mayai humo. Basi huu wa mtoto ni ndugu yake. Na kama yeye asivyoogesha ndama mmoja akaacha kundi, nanyi nyumba nzima mnapakwa siku moja, hata asiyejikuna.

Trésor anakuletea chupa ya dawa nyeupe kama maziwa, inaitwa benzoate, na vidonge vya kukausha usaha. Anza na vidonge siku tano, nimeandika juu ya karatasi yake. Usaha ukipungua, ndipo mpake dawa. Kwa mtoto changanya kipimo kimoja cha dawa na kimoja cha maji, watu wazima bila maji. Paka mwili mzima tangu shingo hadi nyayo, usiache hata katikati ya vidole. Kisha msioge siku nzima, mchana na usiku, ndipo muoge. Nguo na mablanketi zichemsheni, zianikeni juani.

Nawaambia, mwezi wa saba Céline atakuwa anarudi na bidoni tupu.

Kaka yako,
Gentil


Burungu, tarehe 9 Juni 2024, Jumapili

Kaka Gentil,

Bwana asifiwe. Tuko wazima, isipokuwa hilo unalolijua. Natumaini nawe umeamka vizuri. Leo sina maneno mengi ya salamu, unisamehe. Trésor anaondoka mchana huu na nataka barua iondoke naye.

Barua yako ilifika jana. Chupa haikufika. Kwenye bariere ya tatu baada ya Pinga, watu wa bunduki waliofunga njia walimfungulia mizigo, wakachukua fromaji mbili zilizobaki, vidonge vyote na chupa. Trésor anasema mmoja wao aliinusa, akasema itamfaa mke wake. Karatasi hawakuihitaji.

Nilisoma barua kwa sauti kama kawaida. Nilipofika kwenye upele wa ndama, databukwe aliniinulia mkono nirudie. Nikarudia. Akasimama, akapiga makofi mara moja. "Gentil ule, leo njo amesema kitu ya maana! Upele ya ndama? Miaka makumi ine niko naiponesha!"

Nilimwambia, "Papa, kaka amesema ni ndugu yake, hakusema ni ileile."

"Kama iko ndugu, itakufa na dawa moja. Hata Gentil ameandika: kundi yote siku moja."

Kaka, ana chupa ya dawa ya kupe, ile wanayochanganya na maji kwenye pompi kupulizia ng'ombe. Imebaki nusu. Amesema Jumamosi ijayo, tarehe 15, atatuogesha sote, Gisubizo kwanza kwa sababu ndiye anayeumwa zaidi. Tayari amekwisha kuisogeza chupa kutoka zizini akaiweka juu ya kabati. Anamwambia mtoto, "Jumamosi utalala kama muzungu."

Mimi moyo wangu haukubali. Ile dawa ikimwagika njiani kuku wanakufa. Lakini nitamwambiaje? Unajua mimi ni mkaza mwana, hata jina lake silitamki. Nilijaribu kumwambia tusubiri barua nyingine. Aliniangalia bila hasira, hilo ndilo baya zaidi, akasema: "Barua ingine iko na siku munane. Mutoto huyu halale siku munane zingine." Na ni kweli, kaka. Halali. Jana nilimkuta amejikuna hadi kwenye nyama.

Kama si kitu, niambie nitulie. Kama ni kitu, andika haraka, andika kwa nguvu ili nikisoma wasikie.

Mdogo wako,
Murekatete


Karibu na Bisie, tarehe 18 Juni 2024, Jumanne

Murekatete,

Barua yako nimeipata sasa hivi, saa nne asubuhi. Leo ni Jumanne. Jumamosi yako imepita. Naandika na sijui namwandikia mama wa mtoto aliye hai au wa aliyezikwa.

Kama bado hajampaka: CHUKUA CHUPA, IFUKIE. Usiitupe mtoni. Ile ni sumu. Inaingia kwa ngozi, na ngozi iliyokunwa inainywa mara mbili.

Kama amempaka: mvue nguo zote, mwoshe kwa maji mengi na sabuni, tangu nywele, na wewe uvae mfuko wa plastiki mikononi. Angalia kama anatoka jasho jingi, mate, machozi, anatapika, kifua kinalia, mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano. Ukiona hata moja, mbebeni hospitali, kwa mgongo, kwa machela ya tipoyi, kwa chochote, na chupa mwende nayo waione. Kuna sindano yake. Wasipoteze muda kumtibu malaria.

Barua hii naiandika mara tatu. Moja anaibeba Trésor, moja muuza samaki wa Pinga, moja mchungaji wa kanisa anayekwenda Masisi.

Na sasa maneno yafuatayo ni ya Sebarenzi. Usiyaruke. Desturi yenu ni kusoma kwa sauti, basi soma kwa sauti.

Mzee, mimi niliandika ndama ili uelewe, sikuandika ndama ili umfanye mpwa wangu ndama. Miaka yote umeishi ukifikiri kwamba anayejua ng'ombe anajua dunia. Dada yangu ameishi kwako miaka saba akiogopa kufungua mdomo, na leo unaona faida yake. Kama mtoto huyu amekufa, wewe ndiye muuaji wake. Nitalisema hilo kanisani kwako nikiwa nimesimama, na nitalisema mbele ya Rukara.

Gentil


Karibu na Bisie, tarehe 30 Juni 2024

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako, kwa mama Mukakalisa, kwa Gisubizo. Naandika jina lake kana kwamba kuliandika kutamshika.

Siku kumi na mbili, hakuna jibu. Trésor hajarudi. Wanasema njia ya Pinga imefungwa na pikipiki zimelala vijijini. Niliomba ruhusa nikapewa. Nilitembea siku mbili, nikarudishwa na watu wa bunduki waliotaka kujua muuguzi anakimbilia wapi na anambebea nani dawa. Chupa ya pili nayo wameichukua. Nimerudi na miguu imevimba, nimekaa tena kwenye kiti kilekile ninachokalia kuwatibu watoto wa watu.

Jana aliletwa mtoto wa mchimbaji, mvulana wa miaka mitano, upele mtupu. Nilimpaka dawa mwenyewe mama yake akitazama. Nilipofika katikati ya vidole nilishindwa kuendelea, Myriam akamalizia.

Sasa nisikilize, na hili pia lisomwe kwa sauti. Nilikuwa nimekasirika nilipoandika. Nimekaa na barua zangu kichwani na nimeona nilichofanya. Nilimwandikia mfugaji kwamba ugonjwa wa mtoto ni ndugu wa ule anaoutibu yeye, nikampa na namna ya kupaka dawa, kundi zima, shingo hadi nyayo, bila kuoga. Halafu sikuandika sentensi moja: dawa ya ng'ombe isimguse mtu. Ningeiandika kwa pumzi moja. Sikuiandika kwa sababu nilikuwa najipenda, nimefurahi kuutambua ugonjwa kwenye karatasi. Mzee alifanya kile nilichomfundisha. Nisameheni, na yeye anisamehe.

Niambie tu mtoto yuko wapi.

Kaka yako,
Gentil


Karibu na Bisie, tarehe 8 Julai 2024

Murekatete,

Hujambo? Wapi uliko? Niandikie neno moja. Hata lile nisilolitaka.

Kaka yako


Burungu, tarehe 14 Julai 2024

Kaka Gentil,

Amani kwako. Uliuliza mtoto yuko wapi. Yuko hapa, ananivuta kitenge anataka kalamu. Gisubizo yuko hai, kaka. Keti kwanza, ukilia maliza kulia, kisha endelea kusoma, kwa sababu barua hii haiishii hapo.

Ijumaa, siku moja kabla ya ile Jumamosi, databukwe alikamua kama kawaida. Baadaye nilimwona nyuma ya zizi na beseni. Nilifikiri ananawa. Mchana alikataa kula, jasho linamtoka mpaka shati limemshika mwilini, mate hayakauki mdomoni. Alisema ni malaria. Mabukwe akamchemshia majani. Alikataa kumpokea Gisubizo kitandani, mara ya kwanza tangu Rukara aondoke. Mtoto alilia, akaja kulala kwangu.

Jumamosi asubuhi nilipoingia na maji hakuweza kuinuka. Alikuwa anapumua kama mtu anayevuta kitu kizito. Alinishika mkono. Miaka saba niko kwake, hakuwahi kunishika mkono. Akasema, "Mutoto musimuguse nayo. Ile dawa haiko ya muntu."

Ndipo akatuambia. Alikuwa amejipaka mwenyewe, shingo hadi nyayo, hata katikati ya vidole, kama ulivyoandika. Wala hakuoga, kwa sababu uliandika tusioge. Mabukwe alimpigia kelele: kwa nini ufiche, kwa nini ufanye peke yako, mzee mzima? Alimjibu polepole, kama mtu anayeeleza jambo ambalo kila mfugaji analijua. "Dawa ya mupya haianzie kwa ndama. Unaijaribia kwa ngombe ya muzee, ile hata ikikufa, kundi haijue njaa."

Mimi nilikuandikia kwamba Gisubizo angekuwa wa kwanza. Ndivyo alivyotuambia. Nadhani alisema hivyo ili tusimzuie.

Tulimwosha, lakini sabuni ilikuwa kipande tu, na siku nzima ilikuwa imepita. Wanaume wanne walimbeba kwa tipoyi siku mbili, nami nyuma na Gisubizo mgongoni na chupa ya dawa ya kupe ndani ya mfuko. Hiyo chupa niliibeba kwa akili yangu, barua yako ilikuwa bado haijafika. Hospitali waliisoma, wakamchoma sindano zao, macho yakarudi, akaongea, akaomba maziwa. Tukasema amepona. Kisha kifua kikamkamata.

Hukohuko walimtazama Gisubizo. Walituuliza nani alituambia ni upele. Nikasema kaka yangu, aliuona kwenye karatasi. Daktari alisema aliuona vizuri. Walimpa dawa ya usaha, kisha ile nyeupe, na sisi sote. Siku ya nne alilala usiku kucha. Niliamka mara tatu kumgusa, nikidhani amekufa, kumbe ni usingizi tu. Sasa matako yamekauka, magamba yameanguka, ngozi mpya ni nyekundu. Anakaa popote anapotaka.

Barua yako kali ilitukuta hospitali tarehe 25. Céline ndiye aliyeileta, alipewa na mchungaji. Databukwe aliiona mkononi mwangu, akasema, "Soma." Nilisoma mambo ya kumwosha mtoto, ya mboni za macho, ya jasho na mate. Akaitikia kwa kichwa kila dalili. "Ziko vile amesema," akaniambia. "Gentil iko muganga wa kweli." Nilipofika kwenye maneno uliyomwandikia yeye nilinyamaza, nikajifanya barua imekwisha. Alisema macho yangu bado yanatembea. Uliandika nisiyaruke, kaka. Sikuyaruka.

Nilisoma muuaji. Wagonjwa wa vitanda vingine waligeuka kututazama. Nilitaka ardhi inimeze, na nilikuchukia. Nakuambia ili ujue, nilikuchukia wewe uliyenilea.

Yeye akasema, "Muandikie namna hii: kama ningeanzia kwa mutoto, Gentil angekuwa na haki." Akaomba nimgeuzie uso ukutani apumzike. Alikufa Ijumaa, tarehe 28, asubuhi, saa za kukamua. Njia ilikuwa imefungwa, tukamzika kulekule, kati ya watu tusiowajua. Rukara bado hajui. Hatujui tumtume nani.

Barua yako ya pili, ile ya kuomba msamaha, ilifika tarehe 9 Julai kwa mkono wa muuza samaki wa Pinga, aliyepita msituni kwa miguu. Niliisoma kwa sauti, baada ya kukamua. Kiti chake kilikuwa hapo. Mabukwe alisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Ile njo ilikuwa ya mwenyewe?" Nikasema ndiyo, ilikuwa ya mzee. Akasema imechelewa siku kumi na moja, akainuka kwenda kuosha vibuyu vya maziwa.

Mimi sikuchukii tena. Bila macho yako tungekuwa tunamficha mtoto ndani ya koti hadi leo. Bila ulimi wako mzee angekufa hajaitwa jina lile mbele ya watu. Yote mawili ni yako, na sijui nikupunguzie lipi.

Njia ikifunguka, njoo. Lakini usije kwangu kwanza. Nyumba ya mabukwe ina mlango wake, unaujua. Atakupa maziwa. Yanywe yote, na usimweleze kitu juu ya upele.

Mdogo wako,
Murekatete